Jeti ya Mlimani

Gereji, Kimandolu
Jumapili mchana

Kaanaeli, ndugu yangu,

Injini nimeifungua. Nimeshajua ni nani aliyeiunguza, na ndiyo maana nimekaa hapa juu ya tairi bovu, daftari la wateja mapajani, nakuandikia wewe ambaye posta haina njia ya kukufikia. Barua zote nilizowahi kuandika maishani zilianza kwa kuuliza hali. Yako siiulizi. Yangu ni mbaya, utaiona huko mbele.

Nikupe habari kwanza. Mnara wa simu za mkononi umesimama juu ya Kimandolu, na tayari wapo watu wanaotembea barabarani wakiongea peke yao kwa sauti, mikono inarushwa hewani, hata kama hawana lolote la maana. Mama wa chai pale mbele ya gereji ameongeza benchi la pili. Wale wanunuzi binafsi wa kahawa waliokuajiri wameleta vijana wawili wapya na gari la kubebea sampuli, na wakulima wa Akheri wananiambia vijana hao hawajui hata kung'ata punje kusikia kama imekauka. Wewe ulikuwa unaing'ata, unafumba macho, unasema, "Hii iachieni jua la siku mbili." Hakuna aliyekubishia.

Kaburi lako pale mgombani limeanza kutulia. Mvua imelishusha kidogo upande wa miguu. Nimemwambia mkeo, Mama Upendo, nitakuja kuongeza udongo, akasema sawa, ila si kabla ya kumaliza kazi aliyonipa.

Kazi yenyewe ni pikipiki yako.

Aisee, hivi unakumbuka ulivyoipata? Ulitumwa friji! Mzungu wa kule Njiro alikuwa anarudi kwao, anauza vyombo, na Mama Upendo akakutuma friji, tena akakueleza mpaka rangi. Ukarudi hapa gereji jioni unasukuma kitu nisichokijua. Nikakuuliza, friji liko wapi? Ukasema, kwa jina lako la kunitania Mchaga, "Mangi, tazama kwanza." Nikatazama. Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Kwa kweli kilikuwa kichekesho. Miguu mirefu ya pikipiki ya kurukia matuta, shokapu ndefu mbele na nyuma, usukani mpana umeinuka juu, kiti kama ubao. Halafu chini imevishwa rimu ndogo na matairi mapana, laini, ya lami. Nikakwambia huyu ni mchungaji kavaa gauni la harusi. Breki ya mbele diski kubwa kama sahani ya wali wa sherehe. Na injini? Cc hamsini! Kitu cha cc hamsini, kina gia sita, kinapozwa kwa maji, rejeta yake ndogo kama kitabu cha nyimbo. Kitabu chake cha maelezo kilikuwa cha Kitaliano, hatukuelewa neno, tukafuata picha.

Wote waliipita hiyo pikipiki pale Njiro kwa sababu ilikuwa tustroku, injini ya mipigo miwili. Walisema inakunywa oili, inatoa moshi, inalia kama nyuki kwenye chupa. Wewe ulisema ni nyepesi, mtu anaibeba akivuka mfereji, na hilo ndilo ulilolitaka kwa kazi yako ya kupanda hadi vihambani, kwenye mashamba ya kahawa. Siku tuliyokata kile kizibo walichochomelea Wataliano ndani ya ekzosi ndipo nilipokuelewa. Kumbe kwao ni pikipiki ya wanafunzi, sheria imeifunga isikimbie! Ukapiga kiki, ukaondoka. Resi ikiwa chini ilikuwa mbuzi mgonjwa kabisa. Resi ikipanda, unasikia kama kuna mtu kakusukuma mgongoni. Ulirudi macho yamejaa machozi ya upepo, unacheka kama mtoto, na mtu mzima wewe una ndevu za mvi.

Mama Upendo hakusema nawe siku nne kwa ajili ya friji lile.

Tukaijifunza pamoja. Injini ya mipigo miwili haina oili yake pale chini kama nyingine, oili inainywa ndani ya petroli. Pampu yake ya kuchanganyia hatukuiamini, tukaifunga, tukawa tunachanganya wenyewe: kila lita tano, chupa moja ya dawa ya kikohozi na kifuniko kimoja juu. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Ulisema mkono wako ni mkarimu mno, utaijaza masizi.

Halafu mlima ukatusumbua. Hapa mjini inakwenda vizuri, ukipanda Akheri na kwenda juu zaidi inakohoa, plagi inatoka nyeusi, imelowa. Wiki nzima tulikuna vichwa. Ni wewe uliyesema, "Huku juu hata mimi napumua kwa shida, labda na yenyewe hewa haiitoshi." Tukatafuta jeti ndogo zaidi ya kabureta, yenye tundu jembamba, ipunguze petroli. Tukaipata, namba sitini na tano. Weee! Ikapanda mlima kama imeitwa. Lakini ukishuka nayo barabara kuu ni hatari, hewa huku chini ni nzito, petroli inakuwa kidogo na oili inakuwa kidogo, injini inachemka mpaka inanoki, pistoni inagandia ndani ya silinda. Kwa hiyo chini ilitakiwa ile kubwa, sabini na mbili. Kijeti chenyewe hakifiki punje ya mahindi, na kimefichwa ndani ya kabureta, hukioni.

Ndipo ukatunga sheria. Ikiwa na jeti ya mlimani, tunaandika M kwa chaki juu ya tangi. Kama hakuna kitu, ujue ni ya barabara, funga safari. Tuliifuata sheria hiyo misimu miwili ya kahawa bila kosa.

Sasa nifike pale ambapo mimi na wewe tuliachana. Najua unaijua hadithi hii. Niache niiseme kwa mdomo wangu.

Jumamosi ile uliniachia pikipiki. Jumapili ulikuwa na ubatizo wa mtoto wa dada yako huko Akheri, na baada ya hapo ulikuwa ubaki mlimani wiki nzima unanunua kahawa. Ukasema niweke jeti ndogo na nijaze tangi. Nikaweka. Nikajaza. Ukaichukua jioni. Jumatatu wakubwa wako wakakuita ghafla upeleke sampuli Usa River, ukashuka moja kwa moja, ukaingia lami, ukafungua resi yote. Ulipopita Makumira injini ikakamata. Tairi la nyuma likafunga, ukaruka, mfupa wa bega ukavunjika. Mungu alikuwa macho, hakukuwa na lori nyuma yako.

Ulikuja hapa mkono umefungwa kwenye kitambaa shingoni. Hukunisalimia. Ulisema maneno matatu tu, mbele ya wateja na mama wa chai: "Valeri, hukuweka oili."

Mimi! Mimi niliyepima oili hiyo kama dawa ya mtoto mchanga! Damu ikanipanda. Ningeweza kusema tuifungue tuone. Badala yake nilikutukana, Kaanaeli. Nilisema Mmeru hajui kuendesha kitu chenye akili. Nilisema urudi kwenye punda. Watu wakacheka, na walivyocheka nikazidi kusema. Wewe ulinitazama, ukageuka, ukaenda zako ukiwa umeshika ule mkono.

Pikipiki ikaletwa na pikapu, nikaisukuma kwenye kona, nikaitupia gunia. Nikaapa siigusi mpaka uniombe radhi. Kila aliyeuliza nilimwambia: jamaa kaendesha kama kichaa, kaunguza chombo, sasa anatafuta wa kumtwisha. Nimelisema hilo mara nyingi mno. Nimelisema kwa watu ambao hata hawakuuliza.

Bega likachukua muda, msimu ukapita, kazi ya kahawa ukaikosa. Nilisikia. Kisha nikasikia ni figo, umelazwa. Nikavua ovaroli kabisa nije, nikafika hadi pale kwenye benchi la mama wa chai. Nikasimama. Nikajiambia, nikienda sasa atadhani nimekubali kosa. Nikarudi kufunga gurudumu la mtu.

Mama Upendo akaja Jumanne moja asubuhi. Alikuwa na jani la isale mkononi, bichi, limefungwa fundo. Sisi wa Kibosho na ninyi wa Meru tunabishana kuhusu kila kitu, tangu ndizi hadi kanisa, ila kwa hili tuko pamoja: mtu akikuletea isale anaomba mpatane, na unalipokea. Hata kama alikuchomea nyumba, unalipokea. Hakuna mtu wa kwetu anayekataa isale. Marehemu babu yangu alipatana na aliyempiga panga.

Mama Upendo alisema, "Kaanaeli kakutumia."

Nikamjibu, "Mwambie alilete mwenyewe."

Nimeandika hivyo hivyo nilivyosema, sikupunguza. Mtu yuko kitandani na mipira mwilini, mimi nasema alilete mwenyewe. Shemeji aliliweka jani juu ya meza ya kazi, kati ya spana, akaondoka. Siku ya tisa ukafariki.

Nilikuja kuzika. Nilisimama nyuma kabisa, kwenye migomba, na watu wa Akheri wakanifuata huko huko kunishika mkono. "Pole, Valeri, umepoteza ndugu." Kila aliyenipa pole alikuwa ananichoma. Mchungaji alipotuita tuweke udongo, nilichota kidogo sana, kama mwizi.

Wiki iliyopita Mama Upendo akaja tena. Nilidhani amekuja kunisema, nikajiandaa. Akasema anataka pikipiki ifunguliwe na itengenezwe, ikishapona ataamua kama ataiuza au ataitunza. Atarudi Ijumaa kuiona. Nikakubali.

Alhamisi nikaivuta kwenye mwanga. Nikafungua kwanza tangi, nikamimina petroli kwenye chupa nyeupe. Ilikuwa ya bluu! Ile bluu ya oili ya tustroku, haina ubishi. Kaanaeli, nilipiga kelele. Nilimwita mama wa chai aje aone. Oili niliweka! Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba marehemu alikosea. Nikafungua silinda nikiimba. Pistoni ilikuwa imekwaruzwa pande zote, ringi zimeganda, lakini beringi za chini zimelowa oili vizuri kabisa. Nikasema haya, sasa ni ushahidi, Mmeru aliiua kwa resi.

Nikabakiza kabureta. Nilikuwa nataka kuisafisha tu. Nikafungua lile bakuli la chini, nikaitoa jeti kwa bisibisi ndogo, nikaipangusa kwenye ovaroli, nikaigeuzia jua nisome namba.

Sitini na tano.

Sikuelewa mara moja. Nilijiuliza, mbona alishuka nayo lami bila kuibadilisha, wakati niliandika M juu ya tangi? Ndipo nikakumbuka, nikakaa chini pale pale kwenye grisi. Jumamosi ile niliweka jeti, nikaandika M, kubwa tu. Kisha nikairudia pikipiki kuitazama. Ilikuwa na tope jekundu la mlimani mpaka kwenye usukani. Nikasema, rafiki yangu anaenda ubatizo na takataka hii? Nikachukua maji, nikachukua tambara lenye petroli, nikaisugua kuanzia rimu hadi taa. Tangi nililing'arisha mpaka nikajiona uso. Nilikuwa napiga mluzi.

Chaki ilienda na tambara. Wewe Jumatatu, umeitwa kwa haraka, ukatazama tangi, hakuna alama, ukadhani nilisahau kubadilisha jeti, ukafuata sheria yako. Hukuendesha kama kichaa. Uliendesha kama tulivyokubaliana. Ni mimi niliyekutuma kwenye lami na jeti ya mlimani, kisha nikakutukana mbele za watu ukiwa umevunjika bega.

Ijumaa Mama Upendo alifika mapema. Nilikuwa nimejifunza la kusema toka alfajiri, lote likanipotea. Nikamwonyesha jeti kiganjani. Nikaanza, "Shemeji, hii..."

Akaitazama. Akauliza kama hiyo ndiyo ya mlimani. Nikatikisa kichwa kukubali. Akavuta lile tairi bovu akakaa, akasema, "Alijua."

Kaanaeli, kumbe ulijua! Ameniambia yote. Kwamba ukiwa wodini, siku huna la kufanya ila kutazama dari, ukaanza kucheka mpaka nesi akaja. Ukamwambia, "Tangi lilikuwa linang'aa, mama. Valeri alinisafishia." Kwamba ulicheka, kisha ukamwagiza akakate isale. Yeye alikasirika, akasema mkosaji ni Valeri, alete yeye. Na wewe ukasema maneno ambayo amenirudia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuweza kusikia vizuri: "Huyu Mangi siku akigundua mwenyewe aibu itamuua. Nataka akigundua, akute tulishapatana."

Na ukamkataza asinitajie habari ya jeti.

Nililia. Nalisema bila haya, nililia kwa sauti hapa gereji, mchana kweupe, mteja mmoja akaacha baiskeli yake akaenda zake. Wewe uliyekuwa na haki ndiye uliyeomba radhi, na mimi nikakurudishia jani lako. Nikamuuliza shemeji ulisema nini alipokupelekea jibu langu. Nilitaka kulijua hata hilo, nibaki nalo.

Akasema hakukupelekea jibu langu. Alitoka hapa akatembea hadi hospitali kwa miguu ili apate muda wa kufikiri. Ulipomuuliza, alikwambia, "Amelipokea. Amelia, amesema atakuja Jumapili." Akasema ulilala vizuri siku hiyo.

Kisha akainuka, akaenda kwenye meza ya kazi. Jani lilikuwepo bado, chini ya spana, limekauka, limekuwa rangi ya chai. Sikuwahi kulitupa na sikuwahi kuligusa. Akalitoa, akalipangusa vumbi kwa kitenge, akanishikisha.

"Haya lipokee, Valeri," akasema. "Mimi sijazoea kumdanganya mume wangu."

Nimelipokea, Kaanaeli. Kwa mikono miwili, nimepiga magoti, kama inavyotakiwa. Nimechelewa, lakini wewe ulikwenda ukijua nimelipokea, na sasa ni kweli.

Pistoni mpya nimeagiza, silinda itapanuliwa kidogo. Shemeji amesema haiuzi. Nitaizoesha taratibu, nitampandishia mwenyewe hadi Akheri, na udongo wako nitauongeza siku hiyo hiyo.

Lakini kabla ya hapo kuna jambo la kesho. Kesho ni Jumatatu, mabenchi yote mawili ya mama wa chai yatakuwa yamejaa, na wengi ni wale wale waliocheka. Nitasimama pale pale nilipokutukania. Nitawaambia oili niliweka, na injini ni mimi niliyeiua, na marehemu alilijua hilo akanyamaza kwa ajili yangu. Wakicheka, wacheke. Na kila niliyemdanganya njiani nitamtafuta mmoja mmoja, wa Njiro na wa Usa River, mpaka wamalizike. Hiyo ni ahadi.

Lala salama, Mmeru wangu. Nisamehe kwamba Jumapili ile ulinisubiri.

Ni mimi,
Valeri